Reale Niliyoibeba Mkono wa Kulia

Wasomaji wenzangu wa gazeti hili, kabla ya yote naomba mnisamehe kwa hati hii. Niliacha shule darasa la nne, na tangu hapo mkono wangu umezoea kufua nazi kuliko kushika kalamu. Herufi zangu zinalala kama mpunga uliopigwa na mvua. Mkikuta neno nimeliandika vibaya, lisahihisheni kimoyomoyo mwendelee, kwa maana nikianza kufuta na kuandika upya sitamaliza, nami sina siku nyingi. Mimi pia si mtu wa maneno. Dukani huonyesha ninachotaka kwa kidole. Lakini lipo jambo ambalo kwa mdomo limekataa kutoka, nikaona nijaribu kwa karatasi, kwa watu wa umri wangu ambao hawanijui.

Juzi dada yangu Mwanasiti alikuwa uani akisugua masinia ya shaba kwa ndimu na majivu. Harusi yake ni mwezi ujao. Nilikuwa napita na gunia la nazi kichwani, harufu ile ikanifikia, nikalitua gunia na kukaa chini.

"Una nini wewe?" akaniuliza.

"Jua."

"Jua la saa moja asubuhi?"

Ndimu, majivu na shaba ni harufu ya kibanda cha Fundi Athmani.

Kibanda chake kilikuwa nyuma ya kisima, hapa kwetu karibu na Msambweni. Fundi aliziba masufuria, alitengeneza koroboi na vikuku, na alipiga sarafu. Asije mtu akamfikiria vibaya. Hazikuwa pesa za kudanganyia dukani. Zilikuwa sarafu zisizo na serikali, za wanawake kutunga mikufu, na za wenye pepo. Kwetu mtu akipandwa na pepo, huenda pepo akataka sarafu ya kizamani, na sarafu za kizamani zimeadimika. Basi asiyekuwa nayo alimwendea Fundi.

Alikata kiduara kutoka kwenye sinia lililopasuka, akakiweka kati ya vyuma viwili alivyovichonga mwenyewe, kisha akashusha nyundo mara moja tu. Akipiga mara ya pili picha hutoka na kivuli, naye huitupa. Zile za kivuli ndizo zilizokuwa zangu. Niliziokota majivuni, nikazisugua kwa ndimu mpaka zikawaka. Nilikuwa na mfalme mwenye pua kama papai. Nilikuwa na mnazi wenye macho mawili. Nilikuwa na jogoo aliyevaa kofia ya kiua, na huyu nilimpenda sana, nilikuwa naye mara sita. Pembezoni mwa kila sarafu Fundi alizungusha maandishi ambayo hata maalimu wetu wa chuo cha Kurani hakuyatambua.

"Fundi, hapa pameandikwa nini?" nilimwuliza siku moja. Kwake yeye niliweza kusema.

"Pameandikwa."

"Ndiyo, lakini nini?"

"Mwanangu, pepo hasomi," akasema huku akipuliza moto. "Pepo hutazama mng'aro. Mng'aro ukimridhisha, basi."

Naomba mlishike neno hilo. Mimi nililishika.

Hazina yangu niliiweka katika kopo la maziwa, na si za Fundi peke yake. Nilikuwa na vibati vya shamba la mkonge, vyenye tundu na nambari, ambavyo wafanyakazi walivitumia kupokelea unga wao. Nilikuwa na kibati cha mwenye duka mmoja aliyekata sarafu zake mwenyewe za kurudishia chenji, nazo hazikukubalika kokote ila kwake. Katika akili yangu ya utoto niliona kila sarafu ina nchi yake. Zile za serikali zilikuwa na kichwa cha mfalme, hivyo zilikuwa za mfalme. Zenye jogoo zilikuwa za nchi ya jogoo. Niliamini mtu yeyote mwenye nyundo ya kutosha anaweza kuwa na ufalme, na kwamba kinachokosekana ni mahali pa kuzitumia tu.

Na mahali palikuwapo. Mama alikuwa akichoma vitumbua vya kuuza mlangoni. Kila asubuhi nilisimama kwenye foleni pamoja na watu wazima, kimya, na ikifika zamu yangu nilinyoosha sarafu ya jogoo. Mama aliigeuza mbele na nyuma, akaigonga kwenye jiwe la jiko, akaisikiliza.

"Hii ya wapi, bwana?"

"Ya kwa jogoo."

"Huko vitumbua ni bei gani siku hizi?"

"Kimoja kwa hii."

"Ghali. Haya, na uwasalimie."

Watu walicheka, nami nikaondoka na kitumbua changu cha moto. Jioni, nikiinua sahani yangu ya chakula, sarafu ile nilikuwa naikuta chini yake, imefutwa mafuta. Hakuwahi hata mara moja kuikataa, wala kusahau kuirudisha. Watoto wenzangu waliniita Tajiri wa Vibati, na jina lile liliuma, lakini lilikuwa na ukweli ndani yake. Nilikuwa na pesa na nilikuwa na duka.

Iliyokuwa bora kuliko zote Fundi alinipa siku ya Idi. Alikuwa amejaribu kuigiza reale, ile sarafu kubwa ya fedha ya zama za Waarabu, yenye picha ya mwanamke mnene wa Kizungu. Alipofika kichwani akachoka na yule mama. Akamfunika kanga, akamtia kipini puani. Aliipiga kwa bamba jeupe la birika bovu, ikatoka kubwa kama reale yenyewe, nyeupe, inang'aa kama kioo. Nilipomwonyesha mama alicheka mpaka akashika ubavu.

"Huyu ni mimi," akasema. "Mwambie Fundi anilipe."

Tangu siku hiyo tuliiita sarafu ya Mama. Hiyo sikuinunulia kitu.

Mwaka uleule mama akaanza kuvimba miguu. Kisha pumzi ikawa fupi. Akichuchumaa jikoni alishindwa kuinuka, na Mwanasiti, aliyekuwa na miaka kumi, akachukua mwiko. Baba alimpakia mama kwenye baiskeli akampeleka hospitalini, akapewa dawa na kuambiwa apumzike, akapata nafuu, kisha nafuu ikaondoka. Baba alikuwa mchuuzi wa samaki. Aliwanunua huko Gazi alfajiri, akapanda nao kwa baiskeli hadi vijiji vya bara, huko vilimani Kwale, akarudi jioni. Sasa alikuwa akirudi adhuhuri, samaki nusu hawajauzwa, aje amtazame.

Bibi, mama yake baba, ndiye aliyesema ni pepo. Alimleta Bi Zuhura, mganga mzee ambaye macho yake yalikuwa yamefunga ukungu. Wakafukiza ubani, wakaimba, na pepo akatoa sauti akataka reale. Reale ya fedha, ya kale, iliyopita mikono ya watu.

Baba hakuwa mtu wa mambo hayo. Aliketi mlangoni ameinamisha kichwa. "Mama, mimi siamini haya," akasema.

"Usiamini," Bibi akamjibu. "Na akifa, je? Utamzika pamoja na kutoamini kwako?"

Kesho yake baba alitoka na baiskeli na kurudi kwa miguu. Mkononi alikuwa na reale. Alituambia ameipata kwa Fundi Athmani, nayo imetoka kwenye mkufu wa ajuza mmoja wa Wasini. Akaitia kiganjani mwangu nione uzito wake. Ilikuwa baridi. Mwanamke mnene alikuwepo, na begani kwake palikuwa na kitu kilichopambwa kwa lulu ndogo, nyingine zimelika kwa kushikwashikwa. Mifereji yake ilikuwa myeusi ya uchafu wa miaka. Nisiwafiche, niliitaka. Niliitaka kama mtoto anavyotaka, mpaka kinywa kikajaa mate.

Na desturi yetu ni kwamba sarafu ya pepo haipelekwi na mtu mzima. Huibeba mtoto ambaye hajabaleghe, mkono wa kulia, peke yake, naye hatakiwi kusema neno wala kugeuka nyuma mpaka aikabidhi kwa mganga. Akisema, safari imeharibika. Bibi akaifunga ndani ya kitambaa cha bafta, akatutazama mimi na dada yangu.

"Mpe huyu," Mwanasiti akasema. "Huyu hata ukimkanyaga hasemi."

Ndivyo nilivyochaguliwa.

Njiani nilikutana na watoto wa kisimani. "Tajiri wa Vibati, leo umebeba nini? Umeoza mkono?" Nikapita. Walinifuata kidogo wakachoka. Nilipofika kwenye ua wa minyonyo, ambako hakuna nyumba, nikasimama na kufungua kitambaa. Mkono wa kushoto nilikuwa nimeshika sarafu ya Mama. Nilikuwa nimetoka nayo nyumbani, kwa hiyo siwezi kusema wazo lilinijia palepale.

Niliziweka pamoja juani. Reale ya baba ilikuwa nyeusi, imechoka. Yangu iliwaka hata ikanichoma macho. Nikakumbuka pepo hasomi, hutazama mng'aro. Nikakumbuka mama aliposema huyu ni mimi. Na nikakumbuka kwamba mama hajawahi kuikataa pesa yangu, hata siku moja, na pepo huyo yumo ndani ya mama, anakula anachokula mama. Atakataaje? Wallahi nilidhani natoa kilicho bora. Nilidhani natoa kilicho bora na ninabaki na kile ninachokitaka, na yote mawili yakaingia katika moyo mmoja bila kugombana. Sijaelewa hadi leo yalivyoweza.

Nikafunga sarafu ya Mama ndani ya bafta. Reale nikaitia kibindoni.

Bi Zuhura aliupokea mzigo kwa mikono miwili, akaupima uzito, akanusa kitambaa. Kisha akautumbukiza vilevile, haujafunguliwa, ndani ya bakuli la marashi. Mama, aliyekuwa ametangulizwa huko kwa Bi Zuhura, akanyweshwa. Ngoma ikapigwa mpaka alasiri. Walipomaliza waliitoa sarafu, bado imefungwa, wakaishonea kifuko cha kaniki na kumvika mama shingoni.

Na mama akapona. Sikilizeni, akapona. Jioni ile aliketi mwenyewe akala wali. Siku ya pili alicheka na majirani. Siku ya tatu aliomba apelekwe jikoni, akachoma vitumbua vichache akiwa ameegemea ukuta, nami nikasimama kwenye foleni ambayo haikuwa na mtu mwingine.

"Hii ya wapi, bwana?" Sauti ilikuwa ndogo.

"Ya kwa jogoo."

"Hawajambo huko?"

"Hawajambo."

Akaichukua, akaifunga kwenye pindo la kanga yake. Nilikula kitumbua kile nikijua kwamba mimi ndiye niliyemponya. Nilitaka kumwambia. Nikasema nitamwambia jioni, akinirudishia sarafu.

Jioni hakuinuka. Kesho yake adhuhuri alifariki.

Wanawake waliomwosha walikivua kifuko wakampa baba. Shangazi yangu alifungua pindo la kanga, akaiona sarafu ya jogoo, akaitupa uani pamoja na maji. "Takataka za watoto," akasema, bila ubaya wowote. Mimi sikuiokota. Usiku ule watu walipotugawia chakula, niliinua sahani yangu nikatazama chini yake.

Katika matanga Bi Zuhura alikuja, akakaa na Bibi mkekani. Nilikuwa nyuma ya mlango.

"Pepo alikubali kidogo, kisha akakataa," akasema. "Kuna kitu hakikuwa sawa. Ndivyo wafanyavyo wakipunjwa."

Bibi akamgeukia baba. "Ile reale ilikuwa ya kweli?"

"Nilitoa baiskeli," baba akasema.

"Sikuulizi ulitoa nini."

"Mama, nilitoa baiskeli."

Hakusema zaidi, na kwa miaka yote hii hajasema zaidi. Baiskeli nyingine hakupata. Alichukua mzegazega, ule mti wa kubebea begani, akatundika kapu mbele na kapu nyuma, akapanda nayo vilima kwa miguu. Samaki walifika wamelegea, wateja wakapungua. Begani pake pana sugu kubwa kama yai. Kila akivua shati mimi hutazama pembeni.

Nilipokuwa na miaka kama kumi na miwili nilikwenda kwa Fundi. Kopo langu la sarafu nilikuwa nimeshalizika nyuma ya choo, sikupiga tena hodi kwake, na siku hiyo nilizunguka kisima mara tatu kabla ya kuingia.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umepotea, tajiri."

"Fundi, mtu anaweza kupiga reale watu wasiijue?"

Akacheka, akaweka nyundo. "Mwanangu, nusu ya reale unazoziona shingoni mwa wanawake wa pwani hii zina baba mmoja, na baba huyo unamsalimia sasa hivi. Unazitia masizi na mafuta, unazisugua kwa mchanga mpaka uso unalika. Ni kazi tamu kuliko zote. Mbona unauliza?"

Lile lililonileta lilifika kooni. Ile ya baba, Fundi. Ile ya mama. Nikasema, "Basi tu." Akanitazama kidogo, kicheko kikamwisha, akarudi kwenye moto wake. Mwaka uliofuata alikufa kwa homa, na vyuma vyake vikauzwa kwa uzani.

Haya ndiyo niliyokaa nayo. Ikiwa reale iliyo kwangu ni ya kweli, basi mimi nilimnyang'anya mama yangu dawa yake mkononi. Ninyi mliosoma zaidi mtasema mama alikuwa na ugonjwa wa moyo, na pepo si chochote. Hata mimi mchana huamini hivyo. Lakini zile siku tatu nitazifanya nini? Na ikiwa ni ya uongo, basi mimi sikuharibu kitu, uongo ulikuwa umeshatangulia, na ninaweza kuuweka mzigo chini. Ila nikiuweka mimi utaokotwa na baba. Atajua kwamba alitoa miguu yake kwa bamba la birika, na kwamba jibu alilompa mama yake siku ile halikuwa jibu.

Ningenyamaza mpaka kufa. Kunyamaza nakuweza. Lakini wiki iliyopita baba alituita mimi na Mwanasiti. Kile kifuko cha kaniki anacho yeye mwenyewe, hukivaa ndani ya fulana, hakivui hata akilala. Alikitoa akakishika.

"Siku ya harusi nitakifungua mbele ya watu," akamwambia dada yangu. "Nikuvishe reale ya mama yako. Ndicho kitu cha thamani pekee nilichowahi kumpa."

Mwanasiti akalia. Baba akanitazama, akaniona nami nalia, akaniwekea mkono kichwani. Akasema, "Na wewe ndiye uliyeibeba."

Kwa hiyo nawaomba, wasomaji. Kwa sonara siwezi kwenda, ataniuliza imetoka wapi, na maneno ya mji huu yana miguu. Lakini kwenu huenda bibi ana reale kwenye mkufu au ndani ya kasha, reale ambayo mna hakika nayo. Iazimeni kidogo. Itazameni ukingoni, je, pana maandishi yanayozunguka? Yangu yapo, ila siwezi kutambua kama ni ya Kizungu au ni yale ya Fundi yasiyosema kitu. Kisha mtazameni yule mwanamke begani, mzihesabu lulu zake. Nimesikia wazee wakisema waliojua walikuwa wakihesabu lulu, lakini sikuthubutu kuuliza zinatakiwa ngapi. Mniandikie kupitia gazeti hili, kwa ufupi tu, hati yoyote nitaisoma, na ifike kabla ya mwezi kuandama.

Mimi nimehesabu nane. Mahali ambapo ingekaa ya tisa pamelika.